Jozi Moja

Muuguzi wa macho pale Mvumi alinivisha miwani,
akatafuta cha kunijaribia, Biblia ya kliniki haikuonekana,
akanipa jarida lisilo na jalada:
"Soma, mama, nijue kama unaona."

Nikakuona wewe.
Ukurasa wa kumi na nane, umekalia kigoda cha babu
ambacho babu hakuwahi kuwa nacho
(babu alikalia debe),
na mizabibu iliyo nyuma yako si yetu, ni ya Hombolo,
imenyunyiziwa maji ili picha ing'ae.

"Endelea," akasema. Nikaendelea kwa sauti.
Kwamba ulizaliwa mwaka wa njaa. Kweli.
Kwamba ulichunga mbuzi wa watu. Kweli,
na wawili walipotea, ila mwandishi hakuambiwa.
Kwamba mpaka leo, Mheshimiwa, kule Dodoma mjini,
hushibi mezani bila mlenda.
Hapo nikacheka, miwani ikateleza puani.
Hezroni! Wewe uliyekuwa ukilia machozi
bakuli likitua tu mbele yako,
ukisema unameza chura!

Watu wa kwenye benchi wakataka kujua kinachochekesha.
Sikuwaambia.

Kisha nikafika aya ya viatu.
"Alitembea peku kilomita tisa kwenda shule,
kila siku, kwa miaka saba."
Mara ya kwanza nilimsomea muuguzi.
Mara ya pili nilijisomea mwenyewe.

Kila siku?
Jozi ilikuwa moja, raba za buluu,
mama yangu, shangazi yako, alizipata mnadani Buigiri
kwa kuku wawili na debe la uwele.
Jumatatu zako, Jumanne zangu,
Jumatano zako, Alhamisi zangu,
na Ijumaa tulivaa kimoja kimoja,
wewe cha kulia, mimi cha kushoto,
tukichechemea njia nzima, tukishikana mabega,
mguu wenye kiatu ukikanyaga mbigili
kwa niaba ya mguu usio nacho.
Siku zako za peku ndizo siku zangu za raba.
Ukivifuta viatu, Hezroni,
unanifuta na mimi niliyekuwa ndani yake.

Sisemi ulidanganya.
Pengine mwandishi alipenda vumbi kuliko raba;
kiongozi aliyewahi kuwa na kiatu, hata nusu kiatu,
hanogi kusimuliwa.
Wala usidhani nina kinyongo cha mtihani.
Siku zile mbili ulivaa wewe, zote mbili,
nami ndiye niliyekupa, kwa kuwa kidole chako kilitunga usaha.
Sikufeli kwa ajili ya miguu.
Nilifeli hesabu.

Na kisima, aya ya mwisho, nacho ni kweli.
Maji yanatoka. Yana chumvi,
maziwa hukatika kwenye chai yake,
lakini yanatoka, nami huteka ndoo mbili kila alfajiri,
na jina lako pale kwenye saruji
huwa nalipita nikiwa nimelowa mgongo, bila kununa.

"Unaona vizuri?" muuguzi akauliza.
Nikamwambia naona, hata zile herufi ndogo
chini ya picha, jina la mpiga picha, tarehe.
Nikaomba niondoke na ukurasa ule.
Akasema jarida ni mali ya kliniki,
wengine nao watajaribiwa.

Basi nikamwomba kalamu.
Pembeni mwa magoti yako, palipobaki weupe kidogo,
nikaandika, mkono ukinitetemeka kwa kutozoea:

*Mbukwa. Viatu vilikuwepo.*
*Ni mimi, Damari.*

Nikamrudishia kalamu, akaita jina linalofuata.
Mzee wa Handali akainuka akipapasa ukuta,
akapewa miwani,
akapewa jarida.